Kuiandaa besi kwa ajili ya tapingi kwenye hewa kavu ya Dodoma

Chukua besi yako, fungua sauti kidogo kwenye ampu, kisha gonga uzi wa E kwenye freti ya 12 (freti ni vile vyuma vinavyokatiza shingo) kwa kidole cha kati cha mkono wa kulia. Usiukwanyue. Ugonge tu, halafu kidole kibaki pale pale. Huko kugonga badala ya kukwanyua ndiko tapingi. Noti ikitoka safi na kudumu sekunde tatu au nne, besi iko karibu kuwa tayari. Ukisikia "tup" la kidole na nyuma yake noti hafifu, au ukalazimika kugonga mpaka ncha ya kidole inauma, usiulaumu mkono. Besi haijapangwa kwa kazi hiyo.

Wapigaji wengi wa kwaya na bendi za hapa Dodoma huanza kujifunza tapingi kwenye besi iliyopangwa kwa ajili ya kukwanyua, tena mara nyingi ni ile ile iliyotoka dukani Kariakoo na haijaguswa tangu siku hiyo. Baada ya wiki mbili wanaiacha, wanasema vidole vyao vizito. Linaniuma hilo, kwa sababu kazi ya saa mbili kwa bisibisi ingewabakiza.

Unapokwanyua, nguvu ya sauti hutoka kwa kidole kinachouvuta uzi pembeni na kuuachia. Unapogonga, nguvu yote hutoka kwenye safari fupi ya uzi kutoka ulipo hadi kwenye freti. Safari ikiwa ndefu, nusu ya nguvu yako inaishia kuupinda uzi, noti inachelewa, tena inapanda kidogo kwa sababu uzi umenyooshwa kuliko inavyotakiwa. Ndiyo maana ala zilizobuniwa kwa ajili ya kugongwa tu, kama Stick ya Emmett Chapman wa Marekani, aliyeanza kupiga kwa mikono miwili sambamba mwaka 1969 na kuiingiza ala yake sokoni mwaka 1974, nyuzi zake hukaa chini sana, karibu kulalia freti. Kwenye besi ya kawaida, watu kama Billy Sheehan, Stuart Hamm na Victor Wooten wameonyesha kwamba nyuzi nne zinatosha, mradi chombo kimeandaliwa.

Kwa sisi wa kanda ya kati wazo lenyewe si geni. Anayeijua ilimba, ala ya Wagogo ya vibao vya chuma, ile ambayo marehemu Hukwe Zawose aliipeleka mpaka majukwaa ya nje, anajua dole gumba moja likishika mzunguko wa chini huku lingine likitembea juu, na msikilizaji anasikia watu wawili. Tapingi ni hivyo hivyo. Kuna tofauti moja ambayo itatusumbua makala nzima: kwenye ilimba ule mlio wa zzz huwekwa makusudi, kwa utando wa buibui juu ya tundu. Kwenye besi mlio huo ni kosa, na kila unaposhusha nyuzi unaukaribisha.

Kwa hiyo mpangilio wa kazi ni lazima uheshimiwe: nyuzi kwanza, kisha shingo, kisha kimo cha nyuzi, ndipo mengine. Anayeanza kwa kushusha sadeli (vipande vinavyobeba nyuzi kwenye briji, lile bamba la mwilini nyuzi zinapofungwa) kabla ya kuinyoosha shingo atazunguka siku nzima bila kufika.

Vifaa havina gharama ya kutisha. Unahitaji tyuna, hata ya kwenye simu. Unahitaji elenki za milimita na za inchi, kwa sababu trasi rodi (fimbo ya chuma ndani ya shingo, ya kuinyoosha) ya besi moja inataka milimita 4 au 5 na nyingine inataka inchi 3/16, na hizo mbili za mwisho zinakaribiana kiasi cha kukudanganya: 3/16 ni milimita 4.76. Ukilazimisha isiyo yake unakwangua kona za tundu, na tundu hilo likishakuwa duara kulirekebisha ni kazi ya fundi na ni gharama. Unahitaji fila geji, zile bapa nyembamba za chuma ambazo mafundi wa bodaboda wanapimia valvu. Duka lolote la vipuri vya pikipiki linazo. Biti za drili za milimita 1.5 na 2 zitakuwa vipimo vyako vya kimo, maana jicho haliwezi kusoma milimita moja na nusu kwenye rula likiwa limeinamia uzi mnene. Ongeza bisibisi ya nyota, kapo, kile kibanio cha nyuzi cha shingoni (au penseli na mpira wa kufungia pesa), na kadi ya benki.

Tuanze na nyuzi. Seti iliyozoeleka ya besi ni .045 hadi .105 kwa vipimo vya inchi. Kwa tapingi napendekeza .040, .060, .080, .100, za nikeli au za chuma cha pua, zile zenye mizunguko inayosikika ukipitisha kucha. Nyuzi laini zilizobapishwa zina sauti nzuri ya taratibu za zamani, ila ukizigonga zinatoa kishindo kisicho na ncha. Nyuzi nyembamba huwa na mkazo mdogo zaidi kwa noti ile ile, hivyo kidole kinazishusha bila kupigana nazo. Angalia jambo hili lakini: seti kamili ya besi huivuta shingo kwa zaidi ya kilo 70. Ukipunguza unene, mvuto unapungua, shingo inarudi nyuma, na besi iliyokuwa salama jana inaanza kukwaruza. Haijaharibika. Inakuomba uilegeze trasi rodi kidogo.

Funga nyuzi mpya, zivute kwa mkono mara kadhaa mpaka zikae, tyuni E A D G, kisha iache besi ilale usiku mmoja. Kama imetoka Dar es Salaam, ipe siku mbili. Siku hizi kwa treni ya SGR besi inaondoka asubuhi kwenye unyevu wa pwani na mchana imeshafika kwenye ukavu wa Dodoma, na mbao haiwezi kubadilika kwa kasi hiyo. Ukiipima jioni ile ile unapima besi ya Dar.

Sasa shingo. Weka kapo freti ya 1, bana uzi wa E kwenye freti ya mwisho, kisha angalia nafasi kati ya uzi na kichwa cha freti ya 8. Uzi uliobanwa pande mbili unakuwa rula iliyonyooka, na nafasi ile ndiyo upinde wa shingo. Watengenezaji wengi hupendekeza kati ya milimita 0.25 na 0.35 kwa upigaji wa kawaida. Kwa tapingi shuka mpaka 0.15 hadi 0.20. Pitisha bapa la 0.20 la fila geji: lipite likigusa uzi bila kuunyanyua.

Nafasi ikiwa kubwa, kaza trasi rodi kwa kuelekea kulia, mwendo wa saa. Ikiwa hakuna nafasi kabisa, legeza kwa kushoto. Zungusha moja ya nane ya mzunguko, tyuni upya, pima upya. Usizidishe robo mzunguko kwa siku moja. Rodi ikigoma, usiongeze mkono: legeza nyuzi, jaribu taratibu, na ikigoma tena simama hapo. Rodi iliyokatika ndani ya shingo ndiyo hasara kubwa kuliko zote unazoweza kuisababishia besi, na mara nyingi huletwa na haraka ya dakika moja. Kumbuka pia kwamba mbao haimalizi kusogea papo hapo. Pima tena asubuhi.

Mbona shingo isinyooke kabisa, sifuri? Baadhi ya watu wanaifuata sifuri kama ndiyo ubingwa. Mimi siishauri kwa besi inayoishi Dodoma. Kuanzia Juni hewa inakauka, upepo unavuma, na mbao ya uso wa shingo inasinyaa, hivyo shingo inaelekea kurudi nyuma. Ukiwa na 0.15 ya akiba, msimu ukikaza bado unabaki salama. Ukiwa na sifuri, freti za kwanza tano zinaanza kulia zzz kabla ya Saba Saba.

Kabla ya kushusha nyuzi, kagua freti. Hapa ndipo kadi ya benki inapoingia. Ubavu wake mrefu ni sentimita 8.5, unalaza juu ya freti tatu kuanzia freti ya 2 kwenda juu. Ukifika freti ya 10 geuza utumie ubavu mfupi wa sentimita 5.4, vinginevyo kadi italalia freti nne na kipimo hakina maana. Gusa ncha moja, gusa nyingine. Ikitulia, freti zote tatu zina kimo kimoja. Ikibembea kama kigoda kibovu, ile ya katikati imepanda. Fanya hivyo chini ya uzi wa E, katikati, na chini ya uzi wa G, kwa sababu freti inaweza kupanda upande mmoja tu. Weka alama ya penseli.

Freti iliyonyanyuka kwa sababu imelegea kwenye mfereji wake hurudi kwa kubanwa na tone dogo la gundi, lakini ile iliyokaa imara na bado iko juu inahitaji kusawazishwa kwa tupa na msasa, kisha kuviringishwa upya. Hiyo si kazi ya kujifunzia kwenye besi ya kanisa. Mpelekee fundi wa magitaa, na umweleze wazi kwamba unataka freti zisawazishwe kwa ajili ya nyuzi za chini. Fedha hiyo ina faida kuliko kununua besi ya bei zaidi. Besi ya kawaida yenye freti sawa inashinda besi ya jina kubwa yenye freti mbili zilizopanda, kila siku, kwa tapingi.

Kimo sasa. Ondoa kapo. Pima kwenye freti ya 12, kutoka kichwa cha freti hadi tumbo la uzi. Besi nyingi za dukani zinakuja na milimita 2.5 au zaidi upande wa E. Kwa tapingi lenga 1.7 kwa E, 1.6 kwa A, 1.5 kwa D na 1.3 kwa G. Biti ya 1.5 iteleze chini ya uzi wa D bila kuunyanyua na bila kubaki na nafasi. Chini ya E iwe na uwazi mdogo, chini ya G isipite.

Hesabu moja itakuokolea muda. Skrubu nyingi za sadeli ni za milimita 3, na kila mzunguko kamili huisogeza sadeli nusu milimita. Freti ya 12 iko katikati ya uzi, kwa hiyo mabadiliko yake ni nusu ya hapo: mzunguko mmoja ni 0.25. Ukitoka 2.5 kwenda 1.75 unahitaji mizunguko mitatu. Zungusha skrubu zote mbili za sadeli sawasawa, la sivyo sadeli itainama na uzi utateleza pembeni. Tyuni kila baada ya mzunguko, kwa kuwa uzi uliolegea hukaa chini kuliko ukweli.

Sasa gonga freti moja moja, kila uzi, kutoka ya 1 hadi ya mwisho, huku ampu ikiwa na sauti ya kutosha. Mkwaruzo unaousikia kwa sikio tupu lakini haufiki kwenye spika, uache. Ule unaofika, usome mahali ulipo. Ukiwa freti ya 1 hadi ya 5 peke yake, shingo imenyooka mno, legeza trasi rodi. Ukiwa kuanzia ya 12 kwenda juu, sadeli ziko chini mno, au shingo ina nundu pale inapoungana na mwili. Ukiwa freti moja tu, freti inayofuata ndiyo iliyopanda, rudi kwenye kadi. Ukiwa uzi mtupu peke yake, mfereji wa nati, kile kipande cheupe kichwani, umelika. Watu wengi husikia mkwaruzo wa freti moja wakapandisha nyuzi zote, na hapo wameua tapingi kwa ajili ya freti moja.

Wakati mwingine sadeli zinafika chini kabisa, zinagusa bamba la briji, na nyuzi bado ziko juu. Hapo shingo imekaa vibaya kwenye mfuko wake. Legeza nyuzi, fungua skrubu nne za nyuma, na weka kipande cha kadi ngumu ndani ya mfuko, upande ulio karibu na pikapu, zile sumaku zinazonasa sauti ya nyuzi. Kadi ya vocha iliyokwisha kukwanguliwa inafaa vizuri. Shingo itaelekea nyuma kidogo na sadeli zitapata nafasi ya kupandishwa. Kata kipande kijaze upana wote wa mfuko. Kijipande chembamba kinaacha uwazi, na baada ya miezi mbao inazama hapo na kutengeneza ile nundu tuliyoitaja.

Nati nayo: bana uzi kwenye freti ya 3 na tazama juu ya freti ya 1. Uwazi uwe kama unene wa karatasi moja au mbili. Ukiwa mkubwa, mkono wa kushoto utateseka freti za mwanzo na noti zitapanda. Kuchonga mfereji kunataka tupa maalumu yenye upana wa uzi wenyewe. Usitumie msumeno wa chuma.

Kwa usahihi wa noti nina neno moja tofauti na mafunzo ya kawaida. Kawaida unaambiwa ugusie uzi juu ya freti ya 12 upate ule mlio mwembamba wa kengele, kisha ubane freti ile ile ukwanyue, ulinganishe. Sawa, lakini wewe hutakwanyua. Gonga freti ya 12 kwa nguvu utakayotumia jukwaani, uache kidole, na usome tyuna baada ya kishindo cha kwanza kupita. Noti ya kugongwa ikiwa juu kuliko kengele, rudisha sadeli nyuma, mbali na shingo. Ikiwa chini, isogeze mbele. Kisha rudia freti ya 17, kwa sababu mkono wa kulia unaishi huko. Tofauti ya senti tatu au nne kwenye tyuna (senti mia ni nusu toni) sikio halitaijali. Ukiona noti ya freti ya 12 imekaa vizuri na ya 17 inapanda sana, mara nyingi ni kidole kinachokandamiza mno, au kimo bado kikubwa.

Pikapu zishuke. Mazoea ni kuzipandisha ili sauti ziongezeke, na kwa tapingi hilo linageuka kuwa adui: sumaku iliyo karibu huuvuta uzi, noti za juu zinayumba kama zimepata homa, na kila kugusa kwa kidole kunasikika. Bana freti ya mwisho, pima kutoka juu ya sumaku hadi tumbo la uzi: milimita 3.5 upande wa E na 3 upande wa G ni pa kuanzia. Kisha gonga E na G kwa nguvu sawa ukitazama taa za mixa. Anayezidi mshushie upande wake, usimpandishe mwenzake.

Sasa tufike kwenye kitu ambacho bila hicho kazi yote hapo juu inasikika kama fujo: kizuia mlio. Uzi ukigongwa unagawanyika vipande viwili. Kile cha kuelekea briji ndicho noti yako. Kile cha kuelekea nati nacho kinatetemeka, na kidole kikiachia, uzi mtupu wote unalia. Ukikwanyua, mkono wa kushoto unazima hayo. Ukitapu kwa mikono miwili hakuna mkono uliobaki.

Dawa ni mpira wa kufungia nywele, ule uliovikwa kitambaa. Uzungushe mara mbili shingoni, uuweke juu ya freti ya 1. Angalia kwa karibu unavyokaa: kitambaa kiguse nyuzi zote nne kwa uzito sawa, kisibonyeze hata mmoja ukagusa freti. Mara nyingi uzi wa E, kwa kuwa ni mnene, unaubeba mpira mabegani, na uzi wa A ulio jirani unabaki huru chini ya daraja hilo dogo. Utaujua kwa sababu A peke yake itaendelea kulia. Kunja kitambaa kidogo kati ya nyuzi hizo mbili. Kipimo chake: ukwanyue uzi mtupu upate "tup" kavu, kisha gonga freti ya 5, noti idumu kama kawaida. Noti ya freti ya 5 ikikatika, mpira umebana mno au umesogea. Wimbo ukihitaji nyuzi tupu, sogeza mpira nyuma ya nati, kwenye kichwa, na uurudishe ukianza tapingi. Soksi ya mtoto iliyofungwa inafanya kazi pia, ila ni nene na inachukua freti ya 2.

Usiweke sponji kwenye briji. Inazima noti yenyewe.

Upande wa umeme kuna jambo ambalo mpiga besi wa Tanzania anapaswa kulijua. Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, na mvumo wake hujirudia kwenye 100. Uzi mtupu wa G kwenye besi ni 98. Yaani mvumo wa umeme unakaa karibu kabisa na noti yako ya G, na kwa vile tapingi inataka ampu ifunguliwe zaidi, mvumo nao unapanda. Usijaribu kuukata kwa ikwalaiza, utakata besi yako pamoja nao. Ukague waya wa ethi, ule wa kijani na njano, kwenye soketi ya ukumbi. Mvumo ukipungua unaposhika nyuzi, kinga ya ndani ya besi dhidi ya mvumo haitoshi; usipobadilika au ukiongezeka, huenda waya unaokwenda kwenye briji umekatika. Mwisho angalia pikapu: za koili moja moja zinavuma zaidi, na kwenye besi yenye mbili za aina hiyo kufungua zote kwa kiasi sawa hupunguza sana mvumo.

Ikwalaiza yenyewe: punguza kidogo kati ya hezi 200 na 300 (mitetemo kwa sekunde), ambako noti mbili zikikutana zinakuwa tope. Ongeza kidogo karibu na 1,000 ili kila kidole kisikike. Punguza juu ya 4,000 kama kidole kinapiga kelele kwenye chuma. Kompresa, kifaa cha kupunguza tofauti ya sauti kubwa na ndogo, ukiwa nayo, uwiano wa 4 kwa 1, isikandamize zaidi ya desibeli 6. Ikizidi hapo inanyanyua kila mguso wa bahati mbaya. Besi yenye betri ya volti 9, ipime kwa mita: mpya inasoma zaidi ya 9, ikikaribia 7.5 itupe. Chomoa jeki ukimaliza, kwa kuwa jeki iliyochomekwa inaila betri usiku kucha.

Mkanda uufupishe mpaka besi ikae pale pale ukiwa umesimama au umekaa, shingo ikipanda kwa mshazari. Mkono wa kulia ufike freti ya 14 bila kifundo kukunjika. Kucha za mkono huo zikatwe fupi kabisa.

Kuhusu matunzo nitasema yanayoihusu Dodoma. Vumbi letu ni laini, likikutana na jasho linaingia kwenye mizunguko ya nyuzi na kuziua kabla ya wakati, na uzi uliokufa haugongeki. Futa kila baada ya kupiga kwa kitambaa kikavu, chini na juu ya uzi. Mara moja kwa wiki kitambaa chenye spiriti kidogo, ukiwa umetandika karatasi chini ili spiriti isiguse mbao. Kuchemsha nyuzi kwenye maji dakika chache huzirudishia mwanga kwa siku kadhaa, zikaushwe kabisa kabla ya kurudishwa, na usitarajie kulirudia mara nyingi.

Mbao ya uso wa shingo, kama haina vanishi, ikikauka na kupauka ipake matone machache ya mafuta ya cherehani, subiri dakika kumi, futa yote. Mafuta ya alizeti yamejaa kila nyumba kuanzia hapa hadi Singida, na kishawishi kipo. Usiyatumie. Yanaganda polepole hewani na kuacha utando unaonata ambao vumbi linaupenda. Kiangazi, ncha za freti huanza kuchoma kiganja kwa sababu mbao imesinyaa na chuma hakijasinyaa. Weka ndani ya kesi kisahani cha sabuni chenye matundu, ndani yake sponji yenye unyevu iliyokamuliwa vizuri, na besi isikae kwenye chumba cha bati kisicho na dari mchana wa Oktoba.

Pima upinde wa shingo mara mbili kwa mwaka: Julai ukavu ukishakaza, na Januari mvua zikiwa zimekolea, wakati mbao inavimba, upinde unaongezeka na nyuzi zinapanda zenyewe. Andika vipimo kwenye karatasi na uibandike ndani ya kesi, pamoja na tarehe na unene wa nyuzi.

Jaribio la mwisho ni hili. Mkono wa kushoto ugonge uzi wa E freti ya 8 na uzi wa A freti ya 10. Mkono wa kulia ugonge uzi wa D freti ya 14 na uzi wa G freti ya 17. Ni kodi ya C, yaani noti zinazolia pamoja: C, G, E na C ya juu. Gonga zote nne kwa pamoja, vidole vibaki, na usikilize. Noti nne zikae kwa usawa, hakuna inayokufa kabla ya nyingine. Kisha nyanyua kidole kimoja kimoja kuanzia uzi wa G. Kila kinapoondoka, uzi wake unyamaze. Ule usionyamaza ndio wa kurudi kuurekebishia mpira wa nywele.